Wiki Tatu Unguja na Soko la Busia: Uhakiki wa Safari Fupi za Kujifunza Lugha

Kila mwaka, muhula wa pili unapokaribia kwisha, wanafunzi wa Kiswahili katika idara yetu huanza kuulizana swali moja: nani anakwenda Unguja? Safari yenyewe ni ya wiki tatu. Anayeweza kulipa hujiandikisha, asiyeweza hubaki na vitabu vyake. Mimi nilikwenda. Baba aliuza fahali aliyekuwa ametengwa kwa ajili ya ada ya mdogo wangu, na mdogo wangu akaanza muhula akiwa amechelewa wiki mbili. Kwa hiyo ninapouliza kama safari hizi zina thamani, siulizi kwa ajili ya mjadala tu. Kuna deni nyumbani kwetu Rubongi, na ningependa kujua tulinunua nini.

Hoja yangu ni kwamba safari fupi haimfundishi mtu lugha. Inachoweza kufanya ni kumweka, kwa siku chache, mahali ambapo hawezi kuishi bila lugha hiyo. Kama alikwenda mikono mitupu, na kama hakuna kazi inayomsubiri akirudi, siku hizo hupotea. Na kwetu sisi tuliozaliwa karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, mahali pa namna hiyo hapahitaji nauli ya boti.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu suala hili si letu peke yetu. Japani ni nchi iliyozoea sana safari za aina hii. Katika mwaka wa masomo wa 2018, wanafunzi wa Kijapani zaidi ya 115,000 walikwenda kusoma ng'ambo, na takriban theluthi mbili yao walikaa huko chini ya mwezi mmoja. Kozi fupi za Kiingereza nchini Marekani, Kanada, Australia au Ufilipino zimezoeleka miongoni mwao. Sababu zinaeleweka. Mwaka wao wa masomo huanza Aprili, likizo ndefu huangukia Februari na Machi na tena Agosti na Septemba, na mwanafunzi anayekaa nje mwaka mzima huogopa kuachwa nyuma na wenzake katika kutafuta kazi. Wiki tatu au nne zinaingia vizuri ndani ya likizo.

Wanaozipinga safari hizo husema kwamba sarufi haibadiliki kwa wiki tatu, na kwamba vijana hao hutembea kwa makundi wakizungumza Kijapani chao. Wanaozitetea husema kwamba kijana hurudi akiwa na ujasiri na hamu ya kusoma zaidi. Naona pande zote mbili zina ukweli, lakini wanapima vitu viwili tofauti. Wa kwanza wanapima lugha iliyopatikana. Wa pili wanapima hali ya moyo wa mwanafunzi siku anaporudi. Wote wanasahau kuuliza kilichotokea kabla ya safari na kitakachotokea miezi sita baadaye.

Japani hiyohiyo ina mfano wa pili unaotufaa zaidi. Vijana wa kujitolea wanaotumwa na shirika la JICA kufanya kazi Tanzania wamekuwa wakifundishwa Kiswahili kwanza kwao, katika vituo kama Komagane na Nihonmatsu, kwa takriban siku sabini, kabla ya kuja kukaa miaka miwili. Hawa wanaanza nyumbani, na wanapofika wana kazi inayowangoja: darasa, zahanati au shamba. Lugha kwao ni chombo cha kazi, na wanakijua chombo hicho kiasi kabla ya kuvuka bahari. Tukiweka mifano hii miwili bega kwa bega, tofauti haiko katika urefu wa kukaa peke yake. Iko katika kile kilicho mbele na nyuma ya safari.

Sasa nirudi kwetu. Tulisafiri kwa basi kupitia Nairobi hadi Dar es Salaam, kisha kwa boti. Basi letu lilivuka mpaka Busia usiku. Nilipita mita chache kutoka mahali ambapo shangazi yangu huuza nyanya na vitunguu, nami nilikuwa nimelala. Wakati ule sikuona ajabu yoyote. Sikuwahi kufikiri kwamba Kiswahili cha shangazi kilikuwa na uhusiano na kile nilichokuwa nakwenda kukitafuta.

Unguja, asubuhi tulikuwa darasani, Waganda kumi na wanne pamoja. Mchana tulikula pamoja, na jioni tulitembea pamoja Forodhani tukizungumza Kiingereza na Luganda. Siku ya mwisho tulifanya mtihani uliofanana sana na ule wa siku ya kwanza, tukapewa vyeti, tukapiga picha. Nikiwa mkweli, yale niliyojifunza darasani yalikuwa yale niliyokwisha kuyasoma chuoni. Walimu walikuwa wazuri na hawakuwa na kosa. Mpangilio wenyewe ulikuwa umetufungia ndani ya kundi letu.

Nilichopata nilikipata nyumbani kwa mwenyeji wetu, mama mmoja wa makamo, na nilikipata kwa sababu alinituma. Jioni moja aliniuliza, "Ushakula?" Nikasimama nikihesabu viambishi. Kitabu changu kilisema "umeshakula". Nilipomaliza kuhesabu, chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Siku ya sita alinipa pesa akasema nikamletee boflo na tungule. Nilifika dukani nikiwa sijui tungule ni nini, na nikaona aibu kuuliza, mimi mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu. Muuza duka alinitazama, akacheka kwa upole, akaniwekea mkate na nyanya. Tangu siku hiyo nilianza kuuliza kila kitu. Niliomba kutumwa. Nikienda peke yangu, bila wenzangu, nilirudi na maneno mapya na heshima mpya: namna ya kubisha hodi, namna ya kumwamkia mzee na kusubiri aniitikie kabla ya kusema shida yangu.

Siku zote ishirini na moja nikizipima, zilizokuwa na faida ni zile nilizotumwa. Sidhani zilizidi sita.

Niliporudi nilikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari katika wilaya yetu. Mtaala mpya wa mwaka 2020 ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, na shule nyingi zilikuwa zikitafuta walimu. Nilijiona nimeiva. Nilikuwa na cheti cha Unguja na lafudhi niliyokuwa nikiilinda kama yai.

Katika darasa langu alikuwepo mvulana mmoja aliyependa kunyoosha mkono. Nilipouliza wanafunzi wanafanya nini mwishoni mwa wiki, alisema: "Mwalimu, mimi naendaga Busia na mama, tunauzaga vitunguu." Nilimkatiza. Nikaandika ubaoni: huenda, huuza. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mara ya pili alizungumza kuhusu namna wanavyopima vitunguu kwa debe, nikamkatiza tena. Mara ya tatu alianza sentensi, akanitazama usoni, akaiacha katikati. Baada ya hapo hakunyoosha mkono. Hadi mwisho wa mazoezi yangu alijibu tu maswali ya umoja na wingi, kwa neno mojamoja.

Nilikuwa na daftari kutoka Unguja. Ndani yake nilikuwa nimeandika "ushakula" kwa wino mwekundu, na pembeni nikaweka alama ya kupendezwa. Mama yule alikuwa ameangusha kiambishi -me- ambacho kitabu kinakidai, nami nikaona ni utamu wa lugha. Mvulana wa Tororo aliongeza -ga, kiambishi ambacho lugha nyingi za Kibantu za bara hukitumia kuonyesha jambo la mazoea, nami nikaona ni uchafu. Ukichunguza, kile kiambishi chake kilikuwa kinafanya kazi ileile ya hu-. Maana ya mazoea alikuwa nayo tayari, kamili. Alichokosa ni umbo la Kiswahili sanifu tu, na umbo hilo ningeweza kumpa kwa dakika moja baada ya kumsikiliza hadi mwisho. Badala yake nilimnyang'anya sentensi.

Je, nilijifunza wapi dharau hii? Siwezi kuilaumu Unguja. Hakuna mtu kule aliyenifundisha kuwadharau watu wa mpakani. Nilikwenda nayo. Kwetu Rubongi kuna kambi ya jeshi, na nilipokuwa mdogo Kiswahili kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Wazee wetu wanakumbuka kwamba Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kumbukumbu ya utawala wake ikakikalia Kiswahili kama masizi kwenye sufuria. Mtoto akizungumza Kiswahili nyumbani aliulizwa kama anataka kuwa askari au mwizi. Kwa hiyo tunapoingia chuoni tukipenda lugha hii, tunatafuta Kiswahili kingine, kilicho mbali, kisichomjua askari wala mchuuzi. Safari ya Unguja inatupa ruhusa ya kukipenda Kiswahili bila kuwapenda wanaokizungumza kwetu. Hili ndilo kosa kubwa zaidi ninaloliona katika namna tunavyozitumia safari hizi.

Historia yenyewe haikubaliani nasi. Ni kweli kwamba Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Lakini Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilizihusisha Tanganyika, Kenya, Zanzibar na Uganda pia, na kuanzia mwaka 1952 makao yake yalikuwa Makerere, hadi yalipohamishiwa Mombasa mwaka 1962. Kwa miaka kumi hivi, kazi ya kukisanifu Kiswahili iliongozwa kutoka kwenye kilima cha Kampala. Leo Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha hii si chumvi ya kufuatwa pwani kwa msafara. Imo ndani ya nyumba, ingawa tumeilaza jikoni.

Msomaji anaweza kuuliza: je, mwandishi anataka wanafunzi wajifunze Kiswahili cha sokoni? Mhadhiri mmoja niliyemsimulia hoja hii alinijibu kwa ukali kiasi. Alisema mwanafunzi akipelekwa Busia atarudi na "hii nyanya ni ngapi?" badala ya "nyanya hizi bei gani?", na kazi ya miaka miwili ya kufundisha ngeli itakuwa imekwenda na maji. Pingamizi hili lina uzito, na sitaki kulipita haraka.

Kwanza, ni kweli kwamba upatanisho wa kisarufi hulegea mpakani. Pili, na hili naliona kubwa zaidi, Kiswahili cha Busia kina mipaka ya matumizi. Watu hukitumia kununua, kuuza, kubadilisha fedha, kubishana na dereva wa lori. Jambo zito likitokea, kama msiba au ugomvi wa ndugu, kila mmoja hurudi kwenye Kisamia chake, Kiteso chake au Kipadhola chake. Unguja nilisikia lugha hii ikifanya kazi zote. Nilimsikia mama akimbembeleza mtoto kwayo, nikasikia majirani wakigombana kwayo na kupatanishwa kwayo, nikasoma mafumbo yake kwenye kanga. Mwanafunzi aliyezaliwa Tororo anaweza kumaliza shahada bila kusikia Kiswahili kikimfariji mtu. Hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kwenda pwani, na ni sababu ambayo hakuna cheti kinachoitaja. Kwa hiyo sisemi safari ya Unguja ifutwe.

Hata hivyo, pingamizi la mhadhiri linachukulia kwamba mwanafunzi akisikia kosa atalibeba bila kufikiri. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayejua ngeli anaweza kusikia "hii nyanya ni ngapi", akaelewa, akajibu, kisha akaandika kwenye daftari lake kwa nini msemaji ametumia umbo hilo. Huo ni uchambuzi wa lugha hai, na hufanyika vizuri zaidi mahali ambapo lugha nne zinagusana kila siku. Zaidi ya hayo, Busia haina huruma kwa anayesitasita. Kuna watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Ukisimama katikati ya njia ukitafuta kiambishi, watakuambia uondoke, na utaelewa mara moja. Kuna wabadilisha fedha wanaotaja viwango kwa kasi, na ukikosea kusikia, unalipia kosa lako. Mkazo huo ndio tunaoulipia nauli kwenda kuutafuta. Kutoka kwetu kwa teksi mpaka uko chini ya saa moja, na tangu mwaka 2014 raia wa Uganda anaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa.

Kutokana na hayo, ninapendekeza mambo manne kwa idara na kwa wenzangu.

La kwanza ni kwamba anayetaka kwenda Unguja aanzie karibu. Katika muhula unaotangulia safari, aende Busia au Malaba angalau mara sita, kila mara kwa mtu mmoja yuleyule aliyemkubalia: mchuuzi, fundi, mpishi wa mamantilie. Asiende kutazama. Asaidie kazi, atumwe, akosee. Arudi na ukurasa mmoja alioandika kuhusu namna mtu huyo anavyosema.

La pili ni kuhusu makazi ya huko pwani. Waganda wasikae pamoja. Mmoja kwa nyumba moja, na kila mmoja awe na shughuli katika nyumba hiyo. Masomo ya darasani yapunguzwe, kwa kuwa darasa tunalo nyumbani.

La tatu ni mtihani. Ukifanywa siku ya ishirini na moja unapima kumbukumbu ya wiki tatu. Ufanywe miezi sita baadaye, na uwe wa mazungumzo na mtu ambaye si mwalimu. Hapo tutajua nani amekuwa akiitumia lugha na nani ameiacha kwenye albamu ya picha. Mimi ningefeli mtihani huo. Baada ya kurudi nilikaa miezi mitano bila kuzungumza Kiswahili na mtu yeyote nje ya darasa, ilhali shangazi yangu alipita nyumbani kila wiki.

La nne ni fedha. Asiyeweza kulipa asihesabiwe kuwa amekosa Kiswahili halisi. Kama alama za kozi zinategemea safari, basi tunapima mifugo ya wazazi. Mwanafunzi aliyefanya miezi mitatu ya kweli Busia apewe alama sawa na aliyefanya wiki tatu Unguja, kila mmoja akipimwa kwa mtihani uleule wa baadaye.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Miezi miwili iliyopita nilikwenda Busia kwa shangazi, si kununua, bali kukaa naye siku nzima kwenye meza yake. Nilimwamkia kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alishtuka kidogo, akaitikia. Nilipomwambia kwamba Unguja nyanya huitwa tungule, alicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akauliza kuna nini. Kisha akaniambia kwamba zamani alijifunza Kiswahili kwa kudhulumiwa: mnunuzi mmoja wa ng'ambo ya pili alimlipa nusu ya bei kwa kuwa hakuelewa alichoambiwa. Akaamua hatadhulumiwa tena. Hakuwa na mwalimu wala cheti, na ilimchukua mwaka mzima. Leo anauza pande zote mbili za mpaka na hakuna anayempunja. Fedha hizo ndizo zilizochangia nauli yangu ya Unguja. Sikulijua hilo hadi siku ile.

Kwa hiyo, je, tulinunua nini kwa fahali wa baba? Tulinunua siku sita nzuri, sauti ya lugha inayojitosheleza, na aibu iliyonifunza kuuliza. Si hasara. Lakini sehemu kubwa ya bei ile tuliitupa kwa kutojiandaa kabla na kwa kunyamaza baadaye, na tutaendelea kuitupa kama kila kundi litasafiri kama tulivyosafiri sisi.

Muhula ujao ninarudi kumalizia mazoezi ya kufundisha katika shule ileile. Mvulana yule sasa atakuwa Kidato cha Pili. Nimekusudia kumwuliza vitunguu vinauzwaje Busia, na kumsikiliza mpaka amalize.